Vepu yako ya TC inazingua joto? Jinsi ya kutafuta tatizo hatua kwa hatua

Wadau, kama unatumia mashine ya vepu (sigara ya kielektroniki) yenye TC, yaani ile modi ya kudhibiti joto, halafu siku hizi ukivuta unapata ladha ya pamba iliyoungua, au mashine inakata moshi kabla hujashiba, au namba za omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) kwenye skrini hazitulii, usikimbilie kununua mashine nyingine. Chipu, ule ubongo wa mashine, huwa ni ya mwisho kuharibika. Tatizo mara nyingi liko kwenye vitu vya hela ndogo kabisa, koili (ule waya uliozungushwa unaopata joto), skrubu, pamba inayonyonya likwidi ya kuvuta, na ule uchafu unaojikusanya pale tangi la likwidi linapofungwa, na vyote hivyo unaweza kuvikagua mwenyewe ukiwa mezani kwako na bisibisi ndogo, kibano na spiriti kidogo.

Haya ni ya watu wazima ambao tayari wanatumia hivi vitu. Kama huvuti chochote usianze, nikotini ikishakushika kuiacha ni kazi. Na wenye vepu za kutupa zile za rangi rangi, humu hamna lenu, zile hazina mipangilio ya kugusa, ikiunguza ndo imeisha.

Kabla hujagusa kitu, elewa mashine inafanya nini

Mashine haina kipimajoto ndani ya koili. Watu wengi wanadhani kuna kihisi kinachogusa waya, hakuna. Inachopima ni ukinzani wa waya, yaani omu, basi. Kuna aina za waya ambazo zikipata joto ukinzani wake unapanda kwa kiwango kinachojulikana, kwa hiyo mashine inachukua omu za sasa hivi, inalinganisha na omu ilizosoma koili ikiwa ya baridi, inapiga hesabu, inakuandikia nyuzi 210. Hiyo 210 ni makadirio yaliyosimama juu ya namba mbili: omu za baridi, na TCR, ambayo ni kiwango cha ukinzani wa waya huo kupanda kwa kila nyuzi moja. Namba moja ikiwa ya uongo, joto lote unalosoma ni la uongo, na mashine haina namna ya kujua.

Ndo maana kampuni ya Evolv ya kule Ohio, Marekani, ilipotoa chipu ya DNA 40 mwaka 2014 ilianza na waya wa nikeli peke yake, kwa sababu nikeli inapandisha omu sana na ni rahisi kuisoma. Titani na stenlesi zilifuata baadaye. TCR ya nikeli safi, ile Ni200, ni kama 0.006, titani ni kama 0.0035, stenlesi ya 316L ni 0.0009 hivi, na Kanthal, ule waya wa koili za kawaida, iko karibu kabisa na sifuri. Mashine nyingi hazitaki zile sifuri, zinataka uandike 600, 350 au 92.

Sasa tazama hesabu hii maana ndo inaelezea karibu kila kero ya TC. Chukua koili ya stenlesi 316L ya omu 0.50 ikiwa nyuzi 20. Ikifika nyuzi 220 inakuwa omu 0.59 hivi. Yaani nyuzi 200 nzima zimebanwa ndani ya omu 0.09 tu! Skrubu moja ikilegea ikaongeza omu 0.01, mashine inaona joto limepanda nyuzi 20 na ushee wakati waya haujabadilika hata kidogo. Ukijenga stenlesi hiyo hiyo kwa omu 0.15, ile 0.01 inageuka kuwa nyuzi 70 na kitu. Kwa nikeli ya omu 0.15 ni kama nyuzi 11 tu. Kwa hiyo anayetumia stenlesi ya omu za chini sana kwenye TC ajue anatafuta shida, kaa kwenye 0.4 kwenda juu kidogo utapumua.

Hatua ya 1: jua mashine yako inakosea upande gani

Usianze kubadilisha mipangilio ovyo. Vuta mara chache, tazama skrini, halafu jiulize iko wapi kati ya hizi.

Inaunguza, ina maana joto la kweli liko juu kuliko unaloona. Sababu ni TCR kubwa kuliko ya waya wako, au omu za baridi zilifungwa koili ikiwa bado ya moto.

Inakata mapema, moshi mwembamba, maandishi ya "Temp Protection" (kinga ya joto) yanatokea papo hapo, ina maana mashine inadhani kuna joto ambalo halipo. Hapa ni TCR ndogo mno, au omu za baridi zilifungwa chini kuliko zilivyo, au kuna mguso mbovu sehemu fulani unaoongeza omu. Lakini pia inawezekana pamba imekauka kweli na mashine inafanya kazi yake vizuri, hilo tutalifikia.

Inarukaruka, vuta moja nzuri nyingine mbovu, karibu siku zote ni mguso au skrubu.

Haiingii TC kabisa, inarudi yenyewe kwenye modi ya wati, ile ya kawaida isiyodhibiti joto, waya wako sio wa TC au mashine haioni omu zikipanda.

Hatua ya 2: hakikisha waya ndo huo unaodhani

Hii inaonekana ya kitoto lakini imeshika watu wengi. Jamaa mmoja wa mtaani kwetu alikuja na tangi linanuka moshi wa pamba, pamba yenyewe nyeusi tii, na mashine iko modi ya nikeli, nyuzi 200, inaonekana sawa kabisa. Duka alilonunua koili walimwambia ni za TC, wakaishia hapo. Tulipotoa koili na kusoma ubavuni imechongwa SS316L, yaani stenlesi. Sasa fikiria, mashine inasubiri omu zipande kwa kiwango cha nikeli, waya wenyewe unapanda karibu mara saba chini ya hapo, mashine inaona "bado baridi hii" inaendelea kusukuma umeme wote mpaka pamba inaungua. Tulibadilisha modi tu na pamba, shida ikaisha.

Kwa hiyo soma maandishi kwenye koili yenyewe, sio kwenye boksi peke yake. Kanthal haifanyi kazi TC, usijaribu hata kwa majaribio. Nikromu ya kawaida nayo inapanda kidogo mno, iache kwenye wati. Koili nyingi za wavu zinazouzwa tayari ni za Kanthal au nikromu, hivyo usidhani kila koili ya kisasa ni ya TC. Kama unajenga mwenyewe na una roli za waya ambazo karatasi zimebanduka, kuna kipimo rahisi: weka koili bila pamba, modi ya wati, wati chini kabisa, bonyeza kidogo kidogo huku unatazama omu. Zikipanda sana ni nikeli au titani, zikipanda kidogo ni stenlesi, zikikaa pale pale ni Kanthal. Usiache waya uwake, sekunde moja inatosha kuona.

Hatua ya 3: omu za baridi

Hapa ndo penye mzizi wa kero nyingi, tuliza akili kidogo.

Ukifunga tangi, mashine inasoma omu na kuzichukulia kuwa ndizo za joto la chumba. Ukiwa umetoka kuvuta, ukafungua tangi kuongeza likwidi au kulihamishia kwenye mashine nyingine, koili bado ina joto, halafu skrini inakuuliza "New Coil?" na wewe bila kufikiri unakubali, tayari umeshaharibu. Koili ya 0.50 imesomwa 0.53, mashine inaweka 0.53 kama baridi, na kuanzia hapo inaamini joto liko chini kuliko lilivyo kwa nyuzi 70 na zaidi. Umeweka 210, pamba inapikwa kwenye 285 hivi.

Fanya hivi: ondoa tangi, acha vyote viwili mezani dakika 15 au 20, sio juani, sio mfukoni, sio karibu na chaja. Funga tangi. Soma omu. Fungua, funga tena, soma. Fanya mara tatu hivi. Namba zikirudi zile zile au zikapishana 0.01 kwenye koili ya nusu omu, vizuri, loki omu zako hapo. Zikiruka 0.03 au 0.05 usiloki, nenda hatua ya 4 kwanza, maana ukiloki namba mbovu umeganda nayo.

Na kuhusu kuloki, mashine nyingi zina alama ya kufuli pembeni ya omu. Ikiwa haijalokiwa, baadhi ya mashine zinasoma upya kila zikipumzika, na zikisoma koili ya uvuguvugu zinajidanganya zenyewe bila wewe kugusa kitu. Loki ikiwa baridi, na ukibadilisha koili kumbuka kufungua loki usome upya. Skrini ikikuuliza koili ni mpya au ile ile, jibu "ni mpya" pale tu umebadilisha koili kweli na iko baridi, vinginevyo sema ni ile ile.

Kitu kingine cha kwetu sisi wa joto. Mashine nyingi zinachukulia "baridi" ni nyuzi 20 au 21. Sasa wewe uko Dar mwezi wa pili, au Mombasa, chumbani nyuzi 32 feni inazungusha joto tu. Omu ulizosoma ni za nyuzi 32 ila mashine imeziandika kama za 20, hivyo joto la kweli litakuwa juu ya unaloona kwa nyuzi 12 au zaidi kidogo. Wa Arusha au Limuru asubuhi hawaoni hili. Baadhi ya mashine zina kihisi cha joto kwenye bodi na zingine zinakuruhusu kuandika joto la chumba mwenyewe, tafuta kwenye menyu. Kama hamna, shusha tu joto unaloweka kwa nyuzi 10 hadi 15 uendelee na maisha. Na mashine iliyolala kwenye dashibodi ya gari mchana usiiguse mpaka ipoe, hata betri zenyewe hazipendi.

Hatua ya 4: kila mahali umeme unapopita

Toa betri kwanza, au zima kabisa kama betri iko ndani. Halafu fuata njia ya umeme kutoka mashine mpaka kwenye waya.

Anza na pale tangi linapofunga, ile michirizi ya kuzungushia kama ya skrubu inayoitwa 510. Likwidi inavuja pale kidogo kidogo, inakauka, inakuwa utando mweusi unaonata. Chovya kijiti cha masikioni kwenye spiriti, safisha michirizi na ile pini ya katikati, pande zote mbili, ya mashine na ya tangi, rudia mpaka kijiti kitoke kisafi, acha ikauke vizuri. Usimwage spiriti ndani ya mashine, kijiti kiwe na unyevu tu. Kisha bonyeza pini ya mashine taratibu kwa kitu kisichopitisha umeme, inatakiwa iingie na kurudi yenyewe. Ikibaki chini, mguso wako ni wa kubahatisha.

Upande wa tangi, pini ya chini mara nyingi ni skrubu, na hulegea bila mtu kujua. Kaza, ila usikandamize mpaka ile plastiki ya kutenganisha ipasuke, hapo utahamia kwenye kosa la shoti.

Halafu nguzo zinazoshika miguu ya koili. Waya ukipata joto unatanuka, ukipoa unasinyaa, skrubu iliyokuwa imekaza jana leo imelegea. Kaza tena baada ya siku ya kwanza ya koili mpya, iwe mazoea. Nikeli ni laini, ukikaza sana inakatika, titani ni ngumu kidogo kuliko nikeli, stenlesi inavumilia. Hakikisha mguu umekaa chini ya kichwa cha skrubu sawasawa na hakuna uzi wa pamba ulionaswa katikati, nimeliona hili mara nyingi kwa watu na ni gumu kuliona kama hujainamisha macho.

Ile mita ya kawaida ya fundi umeme haikusaidii sana hapa kwa sababu nyaya zake zenyewe zina omu 0.1 mpaka 0.3, unapima nyaya badala ya koili. Kama una kisoma omu cha koili tumia hicho, kama huna, jaribu tangi kwenye mashine nyingine. Tangi likitulia kwenye mashine ya pili basi shida iko kwenye mashine ya kwanza, lisipotulia shida ni ya tangi. Kipimo hiki kinakuokolea masaa.

Hatua ya 5: koili yenyewe

Mizunguko ikigusana sehemu na kuachana sehemu, umeme unaruka njia ya mkato, omu zinabadilika katikati ya vuta. Kwa nikeli na titani acha nafasi kati ya mizunguko, nafasi ndogo tu lakini sawa kote. Stenlesi inaweza kubanana ikiwa umeitengeneza vizuri, ila kama unasumbuka na TC iache nafasi nayo, utapunguza sababu moja ya kufikiria.

Kusawazisha sehemu zinazowaka peke yake: stenlesi unaweza kuiwasha bila pamba, modi ya wati, wati 10 hadi 15, bonyeza kidogo uone wekundu hafifu, piga piga na kibano cha seramiki ukiwa umeachia kitufe. Titani na nikeli USIWASHE mpaka ziwe nyekundu. Titani ikizidi joto inatengeneza utando mweupe wa oksaidi ambao hutaki kuuvuta kwenye mapafu, ikishakuwa hivyo koili hiyo tupa.

Hatua ya 6: pamba na likwidi

Mashine ikikata mapema, kabla hujailaumu, fungua tangi utazame pamba kwa macho. Ikiwa kavu katikati ya koili, TC imekuokoa, kazi yake ndo hiyo. Pamba iliyojazwa sana kwenye koili hainyonyi, iliyojazwa kwenye matundu ya pembeni inaziba, na likwidi nzito yenye gliserini nyingi inatembea polepole. Punguza pamba, chana ncha zake ziwe nyepesi, au tumia likwidi nyepesi kidogo. Pamba iliyoungua haisafishiki, hata sehemu ndogo tu nyeusi, toa weka mpya, vinginevyo utaendelea kuonja moshi na kudhani mipangilio bado mibovu.

Hatua ya 7: wati

Kwenye TC wati ni mwendo wa kufika kwenye joto, sio joto lenyewe. Ukiweka wati nyingi kwenye koili ndogo, chipu inapitiliza, inakata, inarudisha, inakata, unasikia ladha inadundadunda. Ukiweka chache mno haifiki kabisa kwenye joto uliloweka na TC haijawahi hata kufanya kazi. Anza na wati ambazo ungetumia koili hiyo kwenye modi ya kawaida, ongeza kidogo. Prihiti kali, ile ya kupasha koili haraka mwanzoni mwa vuta, izime mpaka mambo yatulie.

Hatua ya 8: kipimo cha pamba kavu

Ukishafanya yote hayo, hapa unahakiki joto kwa kitu kinachoonekana. Weka pamba mpya kavu, bila likwidi, omu zimelokiwa za baridi, wati chache kama 15, joto 180. Kaa sehemu yenye hewa, usivute. Bonyeza sekunde mbili tatu, achia, toa pamba kidogo uangalie. Ikiwa nyeupe panda nyuzi 10, rudia. Pamba inatakiwa kuanza kuwa na rangi ya kahawia hafifu mahali kwenye 210 mpaka 230. Ikitoa moshi au kubadilika rangi kwenye 180, acha mara moja, joto la kweli liko juu: SHUSHA namba ya TCR, mfano kutoka 92 kwenda 85, weka pamba nyingine, jaribu tena. Ikifika 250 bado nyeupe pe, mashine inapima juu kuliko ukweli: PANDISHA TCR. Watu huligeuza hili, wanaona inaunguza wanapandisha namba, inazidi kuunguza. Namba kubwa inaifanya mashine isubiri omu zipande zaidi kabla ya kukata, kwa hiyo namba kubwa ni joto kubwa.

Usisogeze TCR mbali sana. Kama stenlesi ya 316L inakulazimisha uende 60 au 130, shida sio TCR, kuna mguso hujaukamata, rudi hatua ya 4.

Hatua ya 9: kama bado

Jaribu koili nyingine iliyotengenezwa upya na tangi lingine. Angalia kama kuna programu mpya ya mashine yako kwa kampuni iliyoitengeneza, na za DNA zina programu ya kompyuta inaitwa EScribe ambayo inakuonyesha mchoro wa joto na omu wakati unabonyeza, ni nzuri sana kwa kuona mguso mbovu maana mstari wa omu unaruka ghafla wakati wati hazijabadilika. Chipu mpya za DNA kuanzia 2018 zina kitu kinaitwa Replay, unavuta, ukipata vuta uliyoipenda unaihifadhi, mashine inairudia, na huhangaiki na TCR.

Kama omu zinaruka hata na tangi jipya, pini ni safi na inarudi vizuri, basi kiunganishi cha 510 kimeachana na bodi kwa ndani, waya umelegea pale ulipochomewa. Fundi wa simu mwenye mkono mzuri anaweza kukichomea upya kwa hela ya kawaida, mwambie asipunguze unene wa waya. Kama mashine iliingia maji au betri imevimba au ganda la betri limechanika, usiichaji tena hata kwa kujaribu, toa betri kama zinatoka na uziweke mbali na vitu vya chuma.

Mdau ambaye amefika mpaka hapa na bado anaunguza, niandikie aina ya waya, omu za baridi, TCR, joto na wati ulizoweka, na omu unazoziona ukiwa umebonyeza. Ukinipa hizo sita tunaweza kupiga hesabu pamoja.